Benzi kwa Mahari ya Wanja

Makongeni, Thika
11 Februari 2024

Kwa Wanja, Mama Mitchell,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Mitchell. Sisi huku tuko hivyo hivyo. Goti langu la kushoto bado linalalamika nikipanda ngazi za kanisa. Ronny yuko Nakuru na huwa hanipigii simu mpaka apate shida. Nyumba ya mama yetu, Maitu, iko salama, hakuna aliyeiba hata kijiko tangu tumzike, na mwezi uliopita nilipaka jiko lake rangi. Rangi ilikuwa ya bure, Ashok, mwenye kiwanda, alikuwa na mikebe miwili iliyobaki kiwandani.

Ninaandika kwa sababu umenifungia simu. Nimejaribu namba yako mara nne, na mara zote nne yule mwanamke wa mtambo ananiambia nijaribu tena baadaye. Sawa. Kitheka wa gari la mkate hupita hapa alfajiri na kushusha mkate Kimbo kabla ya saa moja, naye amekubali kubeba barua zetu bila malipo. Na barua ni nzuri zaidi, maana mtu hawezi kukana kesho alichokiandika leo.

Jambo lenyewe ni hili. Nikipanga sanduku la Maitu nilikuta bahasha ya kaki imefungwa ndani ya kitambaa chake cha kanisa. Ndani kuna cheti cha ile ploti ya Gitothua aliyonunua na wenzake wa chama, ile tuliyodhani aliiuza zamani. Hakuiuza. Juu ya bahasha ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Mahari ya Wanja." Umeona? Pesa alizoleta Odhiambo alipokuoa, Maitu alizigeuza ardhi. Na ruracio inayoletwa msichana akiolewa si mali yake. Ni ya nyumba alikotoka, na katika nyumba hii mwanamume aliyebaki ni mimi.

Nimepata mnunuzi. Wakili anasema kwa kuwa Maitu hakuacha wosia, lazima watoto wote wawili watie sahihi. Kwa hivyo nahitaji sahihi yako, basi. Nina jambo muhimu la kufanyia hizo pesa.

Ni mimi kaka yako,
Ephantus Githae


Kimbo, Ruiru
3 Machi 2024

Baba Ronny,

Barua yako ilifika ikinukia mkate, na hilo ndilo jambo zuri pekee ililokuwa nalo.

Sisi ni wazima. Mitchell amepata kazi ya kudumu katika duka la dawa hapa karibu na steji, na kuna kijana wa Murang'a ambaye wazee wake wanataka kuja kumposa mwezi wa Agosti. Mimi bado nashona yunifomu za shule. Mwenye nyumba ametupa notisi. Anabomoa vyumba vyote ajenge ghorofa, na mwisho wa Septemba kila mpangaji awe ametoka. Nina miaka hamsini na mbili, Githae, na jioni nazunguka Kimbo nikiuliza bei ya vyumba, naonyeshwa vichochoro ambavyo hata cherehani yangu haiwezi kupita mlangoni.

Sasa wewe unaniambia kuna ploti Gitothua, mahali ninapoweza kufika kwa miguu, halafu katika barua hiyo hiyo unaniambia nitie sahihi iuzwe. Hukuuliza hata nalala wapi.

Nilimuuliza Kitheka hizo pesa unazitakia nini. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Kwani hujasikia, Mama Mitchell? Mzee anataka ile Benz nyeusi ya Ashok. Kila Saturday anaenda kuikalia pale godauni. Haendeshi. Anakaa tu, anashika steringi."

Nilidhani ananitania. Wewe? Wewe unayekata kipande cha sabuni kwa uzi ili kisipoteze hata unga? Wewe unayeanika majani ya chai dirishani ili yachemshwe tena? Siku ya mazishi ya Maitu ulisimama kando ya sufuria ya chai ukiwaambia watu waliokesha nasi kwamba sukari ni kijiko kimoja. Nilitaka ardhi inimeze. Ndiyo maana nilikufungia simu, kama ulikuwa bado unajiuliza.

Nitumie hiyo bahasha niione kwa macho yangu.

Wanja


Makongeni, Thika
24 Machi 2024

Wanja,

Nimefurahi kusikia habari za Mitchell. Huku mvua imeanza na paa la jikoni linavuja pale pale linapovuja kila mwaka, nimeweka karai. Kuku wawili wameanza kutaga.

Kitheka ana mdomo mrefu kuliko gari lake. Lakini sitaficha, sikuiba kitu cha mtu. Ndiyo, ni Benzi. Ashok anafunga kiwanda cha misumari Septemba na kuwafuata watoto wake ng'ambo, na gari la marehemu baba yake hawezi kwenda nalo. Ameniambia mimi ndiye wa kwanza kuulizwa. Bei aliyonitajia hawezi kumtajia mtu mwingine.

Unanicheka kwa sabuni. Cheka. Nilikuwa mtunza stoo pale miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo nilimfungulia mzee huyo mlango wa gari hilo asubuhi na jioni. Ukiufunga hausikii kishindo, unasikia pumzi tu. Nililipanda siku moja peke yake, mwaka wa 2003, mzee alipoanguka stoo. Nilimshika kichwa kiti cha nyuma mpaka hospitali. Alipofumbua macho, neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Githae, usiegemee ngozi." Nilikuwa na dastikoti ya kazi yenye grisi. Nikakaa wima mpaka tukafika. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo, hata mama yake Ronny hakulijua mpaka anakufa. Nataka kuegemea kile kiti, Wanja. Nataka kukiegemea kikiwa changu.

Bahasha sitatuma. Vitu hupotea kwenye magari ya mkate. Nakala nayo ni shilingi kumi, na sioni sababu ya kulipia kitu ambacho nimeshakuandikia. Mimi nimeandika leja maisha yangu yote bila kosa, siwezi kukosea maneno matatu.

Na kama una shaka na ruracio, sema wazi. Mwaka ulioolewa kiwanda kilikuwa kimenituma Mombasa, sikuwepo. Niliporudi Maitu aliniambia wazee wa Odhiambo walikuja, wachache, wakaleta walichokuwa nacho, na nikamwamini. Au unataka kuniambia Odhiambo hakuleta hata jogoo? Fikiria vizuri kabla ya kujibu. Agosti mimi ndiye mjomba nitakayekaa mbele ya wazee wa Murang'a, na unajua vile wazee huuliza.

Ephantus


Kimbo, Ruiru
5 Mei 2024

Baba Ronny,

Nimechelewa kwa sababu sikutaka kukuandikia. Mvua imetunyeshea vibaya, maji yaliingia chumbani mpaka kwenye vitambaa vya watu. Mitchell alikuwa na homa, amepona. Anauliza kama mjomba wake atakuja Agosti, na mimi hubadilisha mazungumzo.

Umenitisha na wazee. Nimekuona.

Ile habari ya mzee na ngozi ya kiti nimeisoma mara mbili. Ilikuwa aibu, na aibu ilikuwa yake, si yako. Lakini mimi sikukukataza kuegemea. Una akiba katika SACCO tangu tukiwa na Rais wa pili. Hujaigusa ukiugua, hujaigusa Ronny akikosa karo, hukuigusa Maitu akihitaji miwani, miwani nilimnunulia mimi. Itoe sasa, ununue Benzi. Najua huwezi. Mkono utatetemeka dirishani utoroke. Kwa hivyo unataka raha, ila raha ilipiwe na mtu mwingine.

Nitakwambia kitu kingine, nikishakisema nisikirudie. Tangu barua yako ya kwanza nimemkasirikia Maitu. Nimekaa zaidi ya miezi miwili nikimkasirikia mtu aliyekufa. Nilidhani alinijua kuliko hivyo. Ukimwita mtoto wako kwa bei yake, juu ya bahasha, hata kwa kalamu, basi ulikuwa unamwona hivyo siku zote. Kanisani nikisikia wakimtaja natazama sakafu.

Leta hizo karatasi za wakili. Sijasema nitatia sahihi. Nimesema lete.

Wanja


Makongeni, Thika
26 Mei 2024

Dada yangu Wanja,

Sasa unaongea kama mtu wa nyumba hii. Nashukuru.

Karatasi ni hizi. Nimeweka alama kwa penseli pale pa kutia sahihi, ni mahali patatu. Tumia kalamu ya buluu. Usizikunje, nimezitia katikati ya makadibodi mawili ambayo naomba Kitheka anirudishie.

Huku tuko vizuri. Nimenunua kitambaa cha ngozi cha kusugulia gari, cha mitumba lakini kigumu. Jumamosi iliyopita Ashok aliniachia niwashe injini. Unajua haitetemeki? Niliweka kikombe cha maji juu ya bodi yake na maji hayakusogea. Wanja, nilikaa pale kama saa nzima. Watu wa kiwandani wanapita na kunisalimia, "Boss, niaje," na wanasema kwa utani, lakini wakisema mara nyingi utani unaisha.

Siku ya Mitchell nitawabeba wewe na yeye. Mtafika mbele ya watu wa Murang'a ndani ya Benzi, na hakuna mzee atakayeuliza maswali ya zamani. Unaona nimekufikiria pia.

Usikawie.

Ephantus


Makongeni, Thika
23 Juni 2024

Wanja,

Mwezi mzima na hakuna jibu. Kitheka anasema alikupa mkononi, na kwamba ulipokea bila kusema asante.

Mnunuzi wa ploti ana watu wengine wa kununua kwao. Ashok naye ana watu wengine wa kuuzia. Katikati niko mimi na makadibodi yangu ambayo hujarudisha. Kama una neno, liseme. Kama huna, tia sahihi.

Ephantus Githae


Kimbo, Ruiru
14 Julai 2024

Githae,

Makadibodi yako ni haya. Na karatasi zako ni hizi, hazijakunjwa, hazijatiwa sahihi na hazitatiwa.

Siulizi habari za goti lako leo. Sisi hatujambo, kisha tuna jambo, utaona.

Nikuambie ukweli kwanza, nilikuwa nimeshika kalamu. Ya buluu, kama ulivyoagiza. Nilikuwa nimesema basi, achukue, lakini Agosti ipite salama na mtoto wangu asiaibike. Mitchell alikuwa pembeni anafunga vyombo kwa ajili ya kuhama, vingine kwenye gunia, vingine kwenye katoni. Akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akaandika kitu juu ya katoni, akaanza kucheka peke yake.

"Nini?" nikamuuliza.

"Mum, si unakumbuka jikoni ya Cucu? Nimeandika kama yeye."

Nikageuka. Alikuwa ameandika: MAHARI YA SUFURIA.

Githae, kalamu ilinianguka. Mtoto yule alijifunza kusoma katika jiko la Maitu, nyanya yake, likizo moja baada ya nyingine, juu ya rafu zile. Maitu aliingia gumbaru, shule ya watu wazima, akiwa na nywele nyeupe na mwalimu wao alifundisha kwa Kiswahili, na tangu siku hiyo hakuandika kwa lugha nyingine, alijivunia sana. Aliandika kila kitu ukutani kwa chaki ya mkaa. Mahari ya sufuria. Mahari ya vikombe. Mahari ya paka. Kwenye kibuyu aliandika maziwa rara. Maisha yake yote hakuwahi kutamka "l", wewe mwenyewe ulikuwa ukimuiga tukicheka mpaka anatufukuza na mwiko.

Sasa niambie, mtunza stoo usiyekosea. Sufuria nazo zilitolewa ruracio? Paka aliolewa lini?

Na neno mahari lenyewe, Maitu alilisema lini? Yeye alisema ruracio, mimi nasema ruracio, wewe katika barua zako zote umesema ruracio. Aliandika mahali. Mahali ya Wanja. Alininunulia mahali, na mimi nimemkasirikia miezi mitano kwa ajili yako.

Kisha nikakumbuka rangi. Mtu ambaye hajabadilisha balbu ya choo tangu mwaka jana, anapaka jiko la marehemu. Jiko peke yake, si sebule, si mlango wa mbele uliobabuka. Ulikuwa unafuta nini?

Sasa lile ulilonitishia nalo. Odhiambo hakuleta kitu. Si mbuzi, si jogoo, si kilo ya sukari. Nilimfuata kwa sababu nilimpenda, na Maitu akakudanganya uliporudi ili usije Kimbo na panga. Odhiambo alipotuacha akarudi kwao Siaya, hakukuwa na cha kurudisha. Nimelibeba hilo miaka ishirini na sita, na wewe ukaona hapo ndipo pa kunishika.

Sitashikwa. Jumapili iliyopita niliwaita wazee wa yule kijana nikawaambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, Mitchell akiwa ameketi hapo. Alilia siku mbili na siku ya tatu akanipikia. Wazee wamesogeza siku hadi Desemba. Wanasema mama asiyetolewa mbuzi hawezi kula mbuzi wa binti yake, kwa hivyo watanitolea wao kwanza, wapeleke kwa kaka yangu, ndipo waje kwa Mitchell. Kaka yangu ni wewe. Ngoima, yule kondoo aliyenona, mbuzi, blanketi, vyote vitakuja mlangoni kwako.

Kwa hivyo mahari yangu utaipata, Githae. Mahali pangu hupati.

Lete bahasha.

Wanja


Makongeni, Thika
29 Septemba 2024

Wanja,

Natumaini mko wazima. Kuku mmoja alikufa. Ronny alipiga simu na hakuwa na shida, alitaka kunisalimia tu, nikamweleza habari za kuku.

Barua yako niliisoma siku hiyo hiyo. Nilikasirika. Niliona heri ninunue gari kwanza, tugombane baadaye, wewe ukiwa na lako la kusema na mimi nikiwa na langu la kuendesha. Nilienda kwa Ashok nikamwambia pesa za ploti zinakuja, nikamwonyesha bahasha kama ushahidi. Ashok ni mtu mwema. Akanirushia ufunguo. "Zunguka nalo kwanza, Githae. Usinunue gari hujaendesha. Rudisha kabla ya lunch."

Nikaelekea Chania. Nilitaka kwenda mpaka ile hoteli ya zamani kwa maporomoko, niegeshe mahali wazungu huegesha, ninywe chai ndani ya gari. Niliegemea kiti, Wanja. Niliegemea mgongo wote. Kwa dakika kumi hivi nilikuwa nimeridhika kuliko siku yoyote ninayokumbuka, na sitakudanganya kwamba haikuwa hivyo.

Kisha nikatazama mshale wa mafuta. Ulikuwa unashuka nikiuona kwa macho. Gari lile linakunywa kama halijawahi kunywa. Nikajiambia, kutoka hapa mpaka lango la hoteli ni mteremko mtupu, injini ya nini? Pikapu ya kiwanda nilikuwa nikiizima mteremkoni kila siku. Nikazima.

Benzi si pikapu. Steringi ilikuwa ngumu kama imeota mizizi, na breki nikikanyaga ni kama kukanyaga sakafu. Nilikwenda polepole na moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ya mawe ya lango. Sikuumia. Taa ya mbele ya kulia ilivunjika yote. Askari wa lango alikuja mbio.

"Mzee, gari imezimika?"

"Nimeizima."

"Kwa nini sasa?"

"Naokoa mafuta."

Alinitazama, akatazama Benzi, akaenda akawaita wenzake wa jikoni waje wasikie niseme tena.

Nikakaa pale kando ya barabara nikingoja Ashok aje, na jasho likanitoka. Nikatia mkono kotini nitoe kitambaa, nikatoa bahasha. Nilikuwa nimezoea kuishika nikifunika sehemu ya chini kwa kidole gumba. Nilipomwonyesha wakili niliifunika. Nilipomwonyesha Ashok niliifunika. Pale hapakuwa na mtu wa kumfunikia.

Maneno matatu niliyokuandikia yapo. Lakini si matatu. Ni matano. Mawili ya mwisho niliyaona siku ile ile ya kwanza na sikukuandikia. Bahasha ni hii, na cheti kimo ndani. Soma mwenyewe. Ile karatasi nyingine ni ya wakili, ya kuhamisha ploti iwe kwa jina lako, sahihi yangu iko chini. Nimetumia kalamu ya buluu.

Taa nimeilipa. Nilitoa pesa SACCO, na ni kweli mkono ulitetemeka, karani alinipa kiti. Benzi limeuzwa kwa mtu wa Juja. Nilimfungulia mlango alipokuja kulichukua, sijui kwa nini, ni mazoea.

Na ile rangi ya jikoni haikuwa ya bure. Ashok hakunipa. Nilienda dukani nikainunua.

Ephantus


Gitothua, Ruiru
13 Oktoba 2024

Baba Ronny,

Habari za huko. Sisi tumehama, kama unavyoona hapo juu. Fundi alisimamisha chumba kimoja cha mabati kwa siku nne. Cherehani imepita mlangoni. Usiku wa kwanza mvua ilinyesha na haikuvuja. Mitchell amechora mstari pale tutakapojenga cha pili.

Bahasha nimeisoma. Nimeisoma mbele ya Mitchell, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikaisoma tena. Nayaandika hapa, kwa kuwa wewe hukuweza kuyaandika.

"Mahari ya Wanja ya kurara."

Alikuwa akiwaza nitalala wapi. Wewe ulilijua hilo tangu Januari, ukaniacha nizunguke vichochoro vya Kimbo jioni baada ya jioni na kukasirikia kaburi la mama yangu, kwa ajili ya kiti. Sijakusamehe na simu sijakufungulia. Bahasha nimeitundika ukutani juu ya kitanda, na sitakunyima kusema kwamba kitambaa cha kanisa cha Maitu ulichoifungia kimefika kikiwa safi, umekifua kwa sabuni na kukipiga pasi. Najua umetumia sabuni kiasi gani.

Desemba wazee wakishamaliza kwako watakuja huku kwa Mitchell, na wewe kama mjomba huna budi kuja. Njoo kwa miguu kutoka barabara kuu, umeshazoea. Sukari itakuwa vijiko kadiri mtu anavyotaka, na sitaki kukuona karibu na sufuria.

Kuna stuli karibu na mlango. Nimechukua chaki nikaandika juu yake: Mahari ya Githae. Usifurahi. Nimeandika na mengine chini yake, ili mtu asije akayafunika kwa kidole: ya kukaa, si ya kurara.

Wanja